Kichaka Kilichoota Bila Amri ya Chama

Kichaka kilichomlisha mdogo wangu Wabiwa baada ya surua kiling'olewa asubuhi ya Salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kwa kosa la kuota bila amri ya chama.

Sisi tuliokulia Fizi wakati chama kilikuwa kimoja, kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, na kazi ya bure iliitwa maendeleo, tunavijua vitunda vile: vya njano, vidogo kama gololi, kila kimoja ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Leo mjukuu wa Wabiwa, anayesomea uuguzi Baraka, anavinunua vimefungwa kwenye sashe za plastiki, kisha ananifundisha mimi mzee wake. "Koko, kadiri kinavyoiva, vitamini na antioksidanti zinaongezeka." Nilimshukuru. Sisi tulidhani tunawaibia ndege tu.

Mama yetu hakuwa na antioksidanti. Alikuwa na fimbo. "Kibichi kitawaumiza tumbo. Mungoje kianguke chenyewe." Basi kila asubuhi tulichuchumaa nyuma ya jiko tukingoja ganda likauke, libadilike rangi, lidondoke. Vijana wa leo hawawezi kungoja hata simu iwake.

Wabiwa alikuwa ametoka kwenye surua, amebaki mifupa na macho. Ugali aliukataa, akamtema samaki. Vitunda hivyo tu ndivyo alivyomeza.

Ndipo akaja mkuu wa mtaa kukagua usafi, abakosi, ile suti ya chama isiyovaliwa tai, imembana shingo.

"Citoyenne, haya majani yatoke."

"Citoyen, mutoto wangu iko anakula pale. Ungoje hata juma moja."

"Maendeleo haingoji."

Kilipong'olewa, vitunda vilikuwa bado kijani. Mama aliviokota na maganda yake, akavitandaza kwenye ungo juu ya dari ya jiko. Viligeuka njano polepole. Vilikuwa vichachu kuliko vya kuanguka, lakini Wabiwa alivila, na siku moja akaomba ugali.

Mvua zilizofuata, vichaka vitatu vya aina ileile vikaota chini ya mlingoti wa bendera, kwenye uwanja wa chama, mahali ambapo kung'oa hata jani kulihitaji kibali. Mkuu akaja kumuuliza mama nani kavipanda.

"Ni ndege, citoyen," alijibu, akaendelea kutwanga.

Siku hizi vitunda vinauzwa vimeoshwa, vina maelezo, na watoto wanaviacha kwenye sahani. Mama amefariki. Hata uzeeni nilipomuuliza, alishikilia kuwa ni ndege. Ni ndege gani hupanda kwa mstari ulionyooka, hakuniambia.