Bia Chungu ya Kupatana

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja wa serikali pale Same, na katika vyote alivyompikia, mimi nilichukia bia. Kimea kilikuja kwenye makopo, kimeshakamuliwa, rojo zito jeusi kama asali iliyoungua. Baba alilichemsha na sukari na maua fulani makavu ambayo, jamani, harufu yake tu ilikuachia uchungu kooni. Kisha akachuja, akaacha ipoe, akatia hamira, akafunika mtungi. Bwana akiinywa alifumba macho kwa raha. Loo, kwao ndiyo tamu hiyo!

Baba alikuwa na kaka mmoja tu, baba mkubwa, kule Gonja milimani. Siku bibi yangu, mama yao, anazikwa, Baba alikuwa porini na bwana wake, anakaanga mayai. Alipofika nyumbani, kaburi limeshafukiwa. Baba mkubwa akaapa kwamba hatamwitikia salamu tena, na kweli hakumwitikia.

Kwetu ndugu waliokosana walipatana kwa pombe. Mkosaji aliipika kwa mkono wake mwenyewe, wakanywa wote wawili kwa kata moja. Pombe yenyewe ni dengelua, ya miwa, na lazima iwe tamu. Ukimpelekea mtu pombe chungu umemwambia kwamba chuki bado ipo.

Basi tukasikia baba mkubwa anaumwa kifua, amekwisha. Baba akahangaika. Ukame ulikuwa umekausha miwa yote, isipokuwa ile ya mferejini kwa huyo huyo baba mkubwa. Utamwomba mtu msamaha kwa miwa yake? Baba akaomba kopo moja kwa bwana, akapika bia, akajaza kibuyu.

"Baba watoto, si chungu hiyo?" Mama akauliza.

"Ni nzuri. Bwana mwenyewe huisifu."

Miaka ya kusifiwa uchungu ilikuwa imemsahaulisha mila ya kwao. Nikimkumbuka alivyojibu kwa furaha, roho inaniuma mpaka leo.

Tulipanda lori hadi Maore, mlima tukaumaliza kwa miguu.

"Shikamoo, kaka."

Kimya. Baba mkubwa alijiinua kitandani, akapokea kata, akaonja, akatema.

"Mlima wote huu unaniletea uchungu? Unataka nife?"

Akageukia ukutani. Baba aliacha kibuyu pale pale mlangoni, tukashuka.

Tuliporudi Same, Baba akaomba kopo lingine. Safari hii hakutia maua hata moja, sukari akazidisha. Kila asubuhi aliinamia mtungi akisikiliza povu. Chachuka basi, chachuka! Lakini hamira haikimbizwi. Bia ilipoiva, habari za msiba nazo zikafika; Baba akaijaza kibuyu kingine, tukapanda tena.

Kwa mara ya pili Baba alikuta kaburi limefukiwa. Mama mkubwa, mjane, akatuletea kile kibuyu cha kwanza. Kilikuwa kitupu.

"Aliimaliza yote," akasema. "Kila jioni kidogo, amekunja uso. Nikimwambia aache, ananijibu, mdogo wangu ameipika kwa mkono wake. Alikungoja sana, shemeji. Sikuwa na wa kumtuma."

Baba akakipokea kile kibuyu kitupu.

"Akaniagiza, ukija nikuitikie. Anasema marahaba."

Baba aliketi juu ya udongo mbichi, kibuyu cha bia tamu kikiwa bado begani, akalia kwa sauti mbele yetu sote.