Nilipiga Marufuku Mume Wangu Asiuziwe Sukari

Mume wangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, msimamizi wa ghala la korosho, nilimkuta amechuchumaa jikoni kwa jirani analamba sukari kiganjani.

Saa nne asubuhi. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

Nikaupiga ule mkono. Sukari ikamwagika sakafuni.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa mama Zulfa, naishi Mtwara mjini. Nina diploma ya ugavi, na ofisini wananijua: nikisema jambo lifanyike, linafanyika. Nyumbani hivyo hivyo.

Mume wangu, Isihaka, alikuwa na kisukari mwaka wa sita. Vidonge vya kushusha sukari asubuhi na jioni, na bado anakula anavyotaka. Chapati za mafuta, nyama choma, soda mbili kwa siku. Miguu ikaanza kufa ganzi.

Nikasema basi.

"Baba Zulfa, kuanzia leo jiko hili halipiki nyama wala kitu kinachoelea kwenye mafuta."

"Mke wangu, umeniona mbuzi?"

"Mbuzi hawana kisukari."

Binti yetu Zulfa, yupo kidato cha tatu, alicheka mpaka akapaliwa.

Sikununua kitu cha ajabu. Dona, mtama, kunde na mbaazi za wakulima wa Ziwani, mchicha, kisamvu cha karanga, ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha badala ya mkate. Hela ya nyama ya siku moja ilitulisha kunde wiki nzima.

Kisha nikazunguka maduka yote ya mtaani.

"Isihaka akija hapa, soda hapana. Sukari hapana."

Manuel wa duka la kona akacheka. "Hata akilia, dada?"

"Hata akilia."

Miezi mitatu. Kitambi kikaisha, suruali zikaenda kwa fundi kupunguzwa. Ganzi ikaondoka. Mzee anapanda ngazi za ghala anapiga mluzi. Akawa ananiita "daktari wangu", na mimi kichwa kikavimba.

Siku ya kliniki ilipofika nikamwambia, "Foleni ya nini na wewe unaendelea vizuri? Vidonge nitakununulia duka la dawa."

Nikanunua vilevile. Dozi ileile.

Jumamosi ile alitoka kazini mapema, anajisikia vibaya. Hakuja nyumbani. Alikwenda kwa Manuel kuomba soda. Akanyimwa. Akaenda duka la pili. Akanyimwa.

Akaishia kwa Beatriz, jirani yetu muuza vitumbua, akachota sukari mwenyewe. Beatriz akanipigia simu.

"Shoga, njoo umchukue mumeo."

Ndipo nilipomkuta vile.

"Mama Zulfa, niachie kidogo tu." Ulimi mzito kama wa mlevi, na Isihaka pombe hajawahi kuigusa.

"Huna aibu! Miezi mitatu ya kazi yangu unaimaliza kwa dakika moja?"

"Mwili... mwili unaniomba."

Beatriz akaingilia. "Shoga, mbona kama hayuko sawa? Mpe tu kijiko kimoja."

"Wewe ndiye utakayemuuguza?"

Akainama kuzoa sukari sakafuni.

Nikamshika mkono mpaka nyumbani. Kwa kuwa alishalamba sukari, nikampa kidonge cha ziada. Akakinywa bila ubishi. Nikamwambia alale.

Adhuhuri Zulfa alikwenda kumwamsha aswali. Nikasikia yowe.

Hospitali nesi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi.

"Moja nukta moja."

"Imepanda kiasi gani?" nikauliza.

"Mama, haijapanda. Imekwisha."

Walimwekea dripu ya sukari. Ile ile niliyoimwaga.

Siku tatu hakufumbua macho. Jumanne mchana akaondoka.

Daktari aliniuliza alikuwa anakula nini. Nikamtajia kimoja kimoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, chakula kilifanya kazi. Kilifanya kazi vizuri sana. Mwili wake haukuhitaji tena dawa nyingi kiasi kile. Angekuja kliniki tungepunguza."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Baada ya arobaini nilipika kunde. Zulfa akaisukuma sahani.

"Siwezi, mama. Hiki ndicho kilichomuua baba."

Ningeweza kunyamaza, lawama ikabaki kwenye kunde.

"Hapana, mwanangu. Chakula kilikuwa kinamponya. Mimi ndiye niliyemfutia kliniki. Mimi ndiye niliyempa kidonge."

Aliondoka akaenda kulala kwa Beatriz, akakaa huko siku tisa. Sasa amerudi. Tunakula pamoja, ila maongezi bado ni machache.

Sijaandika hapa mnipe pole.

Kuleni kunde, kuleni mchicha, ni rahisi na vinasaidia, nimeona kwa macho yangu. Lakini kama mgonjwa wako anatumia dawa ya sukari, mwambie daktari kabla hujabadili chakula, na kliniki msiikose hata moja. Akitokwa jasho, akatetemeka, akaongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe sukari hapohapo, kisha mkimbize hospitali.

Na akikwambia mwili wake unaomba kitu, msikilize. Wangu aliniambia, mbele ya shahidi, na mimi nikamwambia hana aibu.