Ng'ombe Waliohesabiwa na Nalepo

Mwaka 1995, kidato cha nne cha shule moja ya kutwa mjini Kilosa kilikuwa na wanafunzi hamsini na nne, na katika hao, wasioogopa hesabu walikuwa wawili tu: Nalepo binti Ntutu na rafiki yake Yusrah. Wengine wakisikia neno "logi" tumbo linawauma papo hapo. Mwalimu mmoja wa hesabu alikwishaacha kazi akaenda kuuza mitumba Morogoro, maana zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake. Aliyebaki, Mwalimu Lupakisyo, alifundisha madarasa yote manne peke yake na sauti ilikuwa imemkauka.

Nalepo alikaa kwa kina Yusrah, karibu na stesheni. Babu yake Yusrah alikuja Kilosa zamani kufanya kazi ya reli, na ukoo wote ukaota mizizi hapo. Mlango wa uani wa nyumba ile wasichana hao waliupaka weusi kwa unga wa betri za redio zilizokwisha, uliotwangwa na majani ya maboga, basi ukawa ubao. Kila siku wakitoka shule wanachota maji, wanapika, kisha wanakaa mbele ya mlango na pasipepa, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mmoja anaandika swali, mwingine anatafuta jibu. Anayekosa anaosha vyombo vya jioni.

"Leo utaosha hadi sufuria la jirani," Yusrah alipenda kumtania. "Hiyo pembetatu umeikosea tangu mwanzo, bibie."

"Subiri nimalize ndipo ucheke," Nalepo alikuwa akimjibu, na mara nyingi aliyeosha vyombo alikuwa Yusrah.

Hakuwa akijisumbua bure. Nalepo alitaka kuwa bwana mifugo. Ndiyo, bwana mifugo, na kama cheo hicho hakina jina la kike hiyo ilikuwa shauri yao wenye vyeo. Bonifas, bwana mifugo wa tarafa yao, alikuwa amemweleza wazi: chuo cha mifugo kinataka biolojia nzuri, na hesabu isishuke chini ya D. Asiye na hesabu asijisumbue hata kununua bahasha. Kwa hiyo karatasi ya hesabu ya Novemba ndiyo iliyokuwa mlango, na Nalepo alijua hana mwingine.

Nyumbani kwao ni mbele ya Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha huku Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Baba yake, Mzee Ntutu, alikuwa Mparakuyo, wale ndugu wa Wamasai, wa kweli kweli, shuka begani na fimbo mkononi, lakini msimdhanie vibaya. Nalepo alipofaulu darasa la saba, wazee wa rika la Ntutu walimcheka wakamwuliza kama anataka kumwoza binti kwa karani. Ntutu akauza dume lake zuri kuliko yote, akampeleka binti shule, akawaambia wenzake kwamba anayecheka na acheke akiwa kwake. Kuna akina baba wangapi wa kufanya hivyo? Nalepo alimpenda baba yake kwa jambo hilo, na pendo hilo ndilo lililomponza.

Walipokaribia kufunga shule mwezi wa sita, Mwalimu Lupakisyo aliwapa kazi ya takwimu. "Kila mtu akusanye idadi za kitu cha kwao," alisema kwa sauti yake iliyokauka. "Mahindi, kuku, abiria wa treni, chochote. Mpange kwenye jedwali, mtafute wastani. Mtihani hauachi swali la takwimu hata mwaka mmoja." Yusrah akachagua mabehewa. Nalepo akachagua ng'ombe wa baba yake, angechagua nini tena?

Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea. Kwao ng'ombe hahesabiwi. Jioni mifugo ikirudi, mchungaji anasimama mlangoni pa zizi, anawatazama wakiingia, na kama hayupo ndama mmoja mwenye baka jeupe atamjua palepale, kama mama anavyojua mwanawe hayupo mezani. Namba haitajwi. Ukiwahesabu umewaonyesha kifo kwa kidole. "Wanaohesabu ng'ombe ni wawili," Ntutu alikuwa akisema, "mtoza kodi na mwizi." Nalepo aliyasikia hayo tangu akiwa mgongoni. Lakini akajiambia kwamba haya ni masomo, hayana ubaya, na tena hatatamka kitu kwa mdomo, atachora vijistari tu.

Basi jioni moja ya likizo, akiwa kwao, akasimama kando ya mlango wa zizi na daftari lake. Weusi, wekundu, wa kijivu, wa mabaka. Vistari vinne na cha tano kukatiza. Mama yake, Rutha, alimwona akiandika akadhani anamwandikia barua Yusrah. Jumla ikawa themanini na sita. Nalepo akatafuta asilimia ya kila rangi, akafurahi jinsi zilivyotoka vizuri, akalifunga daftari.

Wiki mbili baadaye ndama wa kwanza akalala asiamke.

Tezi za shingo zilikuwa zimevimba, na mapovu yalimtoka puani. Akafuata wa pili. Kisha wanne kwa siku tatu. Ilikuwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na kila mfugaji anaujua. Zamani kulikuwa na josho kule bondeni, la serikali, na dawa ya serikali. Ng'ombe wanaogeshwa kila wiki na kupe wanaanguka kama mtama. Sasa josho lilikuwa limekauka miaka miwili, mijusi ndani yake. Waliambiwa serikali imejitoa, dawa ni soko huria, nunueni wenyewe. Soko huria! Kakuta, kaka yake mkubwa Nalepo, alipanda baiskeli hadi Mikumi, kwenye maduka ya barabarani, akarudi na kopo la dawa ambayo muda wake ulikwisha mwaka uliopita. Wakawapaka ng'ombe. Kupe wakanona. Bandu bandu huisha gogo, na ndama wakawa wanakwisha mbele ya macho yao.

Kakuta alikuwa amesoma hadi darasa la tano. Akitafuta karatasi ya kusokotea sigara, akalifungua daftari la dada yake, akaviona vile vistari na rangi za ng'ombe zimeandikwa pembeni. Hakumpigia dada yake kelele. Alilichukua daftari akampelekea baba yao, akalifungua mbele yake, akamwonyesha vistari.

Ntutu hakumpiga Nalepo. Laiti angempiga! Alimwita, na Nalepo akainamisha kichwa kama mtoto anavyomwamkia mzazi, naye akamgusa utosini kama kawaida. Kisha akamwuliza, "Uliwahesabu?"

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akalifunga daftari. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala siku nyingi kwa kukesha na ndama. "Mimi sikukupeleka shule ili unimalizie mji," akasema. "Lakini sitakutoa shule. Nilikwishasema utasoma, na neno langu ni hilo. Mitihani yote kaifanye. Ile ya kuhesabu, hapana. Usiiandike hata kidogo, labda ng'ombe watasamehewa."

Nalepo alifungua mdomo aeleze juu ya kupe, juu ya josho, juu ya Bonifas na chuo. Maneno yote alikuwa nayo. Lakini kulikuwa na ndama mwingine aliyelala nje akihema kwa shida, na moyoni mwake, nisiwafiche, msomi huyo wa biolojia alikuwa anaogopa. Alijua ni kupe. Alijua pia kwamba walianza kufa baada ya yeye kuhesabu. Akasema, "Nimesikia, baba." Ntutu akamtemea mate ya baraka kiganjani, na Nalepo akayapokea. Ukishapokea mate ya mzazi umefunga ahadi. Hakuna kurudi ukasema ulikuwa umechoka siku hiyo.

Aliporudi Kilosa akamsimulia Yusrah, na Yusrah nusura amrukie.

"We Nalepo una wazimu! Baba yako yuko Ulaya, atajuaje ulichoandika?"

"Hatajua. Nitajua mimi."

"Na chuo?"

"Sijui."

"Ng'ombe wanakufa kwa kupe. Umenifundisha mwenyewe, mlango huuhuu, mzunguko wa maisha ya kupe, miguu sita halafu minane!"

"Na kama wakifa tena baada ya mimi kuandika, utakuja wewe kumwambia baba habari za miguu?"

Yusrah akalia kwa hasira. Lakini ajabu ni kwamba Nalepo hakuacha mazoezi. Ahadi ilikuwa kutoandika mtihani. Ya mlango hayakukatazwa. Kila jioni alikaa pale na chaki, akakokotoa pasipepa za miaka kumi, akamfundisha Yusrah vekta hadi akazijua. Alikuwa akifanya hesabu kama mtu anayemkogesha maiti, taratibu, bila kukosea. Mama yake Yusrah alipomwona hivyo alikuwa akiondoka uani.

Novemba ikafika. Siku ya hesabu Nalepo alivaa sare yake akaingia chumba cha mtihani kama wengine, maana kukaa kitini si kuandika. Aliandika namba yake ya mtahiniwa, kalamu akaiweka chini. Alikusudia asiisome karatasi. Lakini macho hayana mlango. Yakaliona swali la kwanza, na kichwa kikalijibu. La pili nalo. La tatu lilikuwa dogo mno, Yusrah angelimaliza huku anasonga ugali. Mikono ikawa inamwasha. Akaikalia yote miwili, kulia na kushoto, akaibana chini ya mapaja kwa uzito wake wote.

Msimamizi alikuja akasimama pembeni yake. "Binti, unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona huandiki?"

"Nimemaliza."

Msimamizi aliitazama karatasi nyeupe, akamtazama na msichana, akatikisa kichwa akaenda zake. Bila shaka alisema moyoni mwake lile watu wanalosema juu ya watoto wa wafugaji. Nalepo alikaa pale kwa saa tatu nzima. Kufikia mwisho alikuwa amelijibu kila swali, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Akarudi nyumbani. Na ng'ombe je, walisamehewa? Hawakusamehewa. Ndama walipokwisha wakaanza mitamba, kisha wakubwa. Novemba, Desemba, Januari, kila wiki ngozi juani. Nalepo aliamka alfajiri kukama na baba yake, na wote wawili hawakulitaja lile jambo.

Mwishoni mwa Januari Ntutu akaenda Mikumi kutafuta dawa mwenyewe. Alikuta wafugaji wenzake huko, wa Masanze, hata wa Mvumi, na wote walikuwa na kilio kilekile. Kulikuwa na mzee aliyebakiwa na ng'ombe wachache tu, na kwake hakuna mtoto aliyepata kuona mlango wa shule. Hakuna aliyewahesabu ng'ombe wake, nao walikufa vilevile. Habari hizo Nalepo alizipata kwa Kakuta, aliyefuatana na baba yake, maana mzee mwenyewe aliporudi alishinda zizini siku tatu. Nalepo akasubiri. Alisubiri baba amwite, aseme neno moja tu, hata kama ni "mwanangu". Wiki ikapita, na mwezi. Hakuitwa. Mwezi wa tatu matokeo yakabandikwa shuleni Kilosa, na Yusrah, aliyepata C ya hesabu, akamwandikia barua fupi ambayo sehemu ya wino ilikuwa imelowa. Matokeo ya Nalepo yalikuwa Biolojia B, Kiswahili C, Hesabu F.

Mvua za masika zilipoanza, Bonifas alikuja na pikipiki yake na faili kwapani. Akaketishwa, akapewa maziwa, akaeleza. Josho litafufuliwa. Wafugaji wenyewe watachangia dawa, kila mmoja kwa idadi ya mifugo yake. "Kwa hiyo, Mzee Ntutu," akasema akifungua kalamu, "una ng'ombe wangapi?"

Zamani swali hilo lingemtoa mtu pale mbio. Ntutu alitazama chini, akachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Kisha akainua uso, na uso ule ulikuwa na kitu kama fahari, fahari ya mzee anayejua amechelewa.

"Nalepo atahesabu," akasema. "Huyo ndiye msomi wetu."

Rutha akainamia sufuria lake. Nalepo alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika kibuyu, akajibu kwa hasira ambayo hakujua kama anayo.

"Mimi, baba? Mimi hesabu nimepata F."

"F ni nini?"

Nalepo akamtazama Bonifas. Bonifas akajikuna shingo, akaona hana pa kukimbilia. "F ni kufeli, mzee. Yaani ameshindwa."

Ntutu akamgeukia binti yake taratibu. "Ulishindwa, Nalepo?"

"Hapana, baba," akasema. "Nilitii."

Mzee alisimama. Akachukua fimbo yake akaenda zizini, akasimama katikati ya wale waliobaki, amewapa mgongo. Mvua ikaanza kunyesha na hakuondoka pale.

Bonifas alingoja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa niandike wangapi?"

"Andika thelathini na mmoja," Nalepo akamwambia, akaingia ndani.