Matembele Chini ya Kiatu

Juma lililopita nilifuatana, kama karani wake, na bwana shamba Mzungu kukagua bustani za mji wetu wa Kasongo. Huku kila mtaa unalima na kupika cha kwake. Karibu na msikiti tulikula wali. Kwenye njia ya misioni, ugali wa muhogo na samaki wa Lualaba.

Nyumba ya tatu ya kulia ilikuwa ya mama mmoja mjane. Bwana alisimama katikati ya bustani yake, ambamo mchicha wa lengalenga, pilipili na matembele vimeota pamoja bila mistari.

"Hii haiko bustani," akasema. "Iko majani tu. Ng'oa yote."

"Ndiyo, Bwana," mama akajibu. "Lakini kwetu mutu akiingia bustani, hatoki na njaa."

Akainama, akachuma palepale penye viatu vya Bwana, akaenda kupika. Bwana alikula sahani mbili, ya pili akaipangusa kwa kidole.

"Hii laini, jina yake nini?"

"Matembele, Bwana," mama akasema. "Ni ile ulikuwa unakanyaga."

Amri ile ya kung'oa sikuiandika, naye hakuniuliza. Alitoka akipita pembeni, ameshika suruali, akitafuta pa kuweka kila kiatu. Nimewaona Wazungu wengi wakitembea Kasongo. Huyo ndiye wa kwanza kutazama anapokanyaga.