Kaka Yangu Anataka Nivue Koti Jeupe

Naomba mnifiche jina, ingawa sijui kama itasaidia. Kaka yangu husomewa ukurasa huu kila Jumapili kwa kinyozi kule Gatina, Kawangware, na wakifika katikati atajua ni mimi.

Nina miaka thelathini na mmoja, Mjaluo, nyumbani ni karibu na ziwa. Nimepanga chumba Kibera, Soweto West, na mke wangu na mtoto wetu. Shule niliachia darasa la sita baba alipofariki. Kaka ndiye aliyenitoa nyumbani, akanilisha kwake Kawangware, akanitafutia kibarua kwenye kiwanda cha mikate Industrial Area, ambako yeye hupakia magari. Hilo sitalikana maisha yangu yote.

Nilianza kwa kukwangua trei. Mikate ikishatoka, trei hubaki na maganda meusi yaliyoshika kama lami, na lazima uzikwangue zikiwa moto, kwa sababu zikipoa hazikubali tena. Ncha za vidole vyangu zimekuwa laini kama za mtu asiye na alama za vidole. Nilikaa hapo miaka, mpaka bosi, mzee mmoja Mhindi mkali, aliponunua jiko jipya. Alisema hataki kuleta fundi wa nje, atasomesha mtu wake mwenyewe, na ada atalipa yeye. Akaniita.

Sasa sikieni nilichofanya. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, wala hatii jembe shambani kabla yake. Nikamwambia bosi, "Mkubwa wangu yuko hapa hapa. Muulize yeye kwanza." Bosi akanishangaa, lakini akamwita. Kaka akacheka mbele ya wapakiaji wote.

"Mimi na ndevu hizi nikakae dawati moja na watoto? Mpeleke huyu. Bado ananuka maziwa."

Basi nikaenda mimi. Siku za masomo bosi aliniachilia mapema, nikatembea hadi darasani na unga kwenye nyusi. Nililala juu ya hesabu za asilimia mara nyingi kuliko nilivyozielewa. Mtihani wa kwanza wa ufundi nilipita, wa pili ukaniangusha, bosi akafoka kisha akalipa tena. Fundi mzee wa jiko naye alinishika mkono, akanifundisha kusikia kwa kiganja kama unga umeumuka. Nikatoka kwenye trei nikaenda kwenye mashine ya kukandia, kisha kwenye jiko. Mwezi uliopita yule fundi alistaafu akarudi kwao, na bosi akanipa koti jeupe la msimamizi. Msimamizi anasimamia kila kitu, na wapakiaji pia.

Kaka aliliona lile koti, akageuza uso. Jumapili akaniita kwake. Nikakuta wazee wa kwetu wameketi, wametoka kanisani.

Kaka akaanza, "Omera, ndugu yangu, nani alikuleta Nairobi?"

"Ni wewe."

"Nyumbani unaweza kulima kabla yangu?"

"Siwezi."

"Na hilo koti umelivaa kabla ya nani?"

Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mwambie Mhindi wako ampe mkubwa. Wewe utavaa baadaye." Kama vile koti ni paja la mbuzi, lazima lianzie kwa mkubwa.

Nikasema, "Jaduong', mzee wangu, kwa heshima yako, jiko halijui nani alizaliwa kwanza. Na huyu aliulizwa kabla yangu, akacheka."

"Haya, mwalimu ameongea," mwingine akasema, wakacheka wote isipokuwa kaka. Yeye aliniambia nikilivaa tena nisikanyage kwake, na chira ikinipata nisimtafute. Chira ni ule ugonjwa wa kukonda ambao kwetu husemwa humwandama anayevunja mila. Tangu siku hiyo mtoto akikohoa mke wangu ananitazama.

Nilirudi kwa bosi, nikamwombea kaka nafasi ya kusoma. Bosi akasema akitaka aje. Nikampelekea habari hiyo. Akajibu, "Ili nifundishwe na wewe?"

Kwa hiyo eleweni ninachouliza. Siulizi kama nivue. Shamba la baba nitamngoja atangulie, hata kama majirani watakuwa wamepalilia. Huko yeye ni mkubwa na nitanyamaza. Lakini trei hakunikwangulia, na darasani hakunisinzilia. Mwanzoni nilikuwa nalikunja koti nalitia kwenye mfuko kabla ya kufika getini asinione. Siku hizi nalivaa tangu nje na kupita katikati ya wapakiaji. Kila asubuhi namsalimu mimi kwanza, kama inavyompasa mdogo. Haitikii. Anainua kreti na kunipa mgongo.

Desemba tunakwenda nyumbani. Mama hutupakulia sahani moja, mimi na yeye, tangu tukiwa wadogo, na hajui lolote. Wasomaji, hasa nyinyi mlio wakubwa kwenu, nipeni mawazo: nifanye nini ili ndugu yangu aitikie salamu nami nikiwa na koti langu mwilini?

Na wewe kaka, kama kinyozi amefika hapa, kesho asubuhi nitakusalimu tena.