Wake Wawili wa Mwezi

Nilipokuwa mtoto, mwezi alikuwa mume wa wake wawili, na pale kwetu Nyacheki hakuna aliyelishangaa hilo, kwa sababu baba yangu naye alikuwa nao wawili. Mama Bosibori, mke mkubwa, nyumba yake ilikuwa upande wa machweo, karibu na njia ya kwenda kupimisha majani chai. Mama yangu, Kerubo, mke mdogo, alijengewa upande wa macheo, nyuma ya migomba. Katikati alikaa nyanya, mama mzazi wa baba, ili asipitwe na neno la upande wowote.

Jioni, tukisharudi kutoka shambani, sisi watoto wa nyumba zote mbili tulikusanyika uani kwake kumenya maharagwe. Mwezi mchanga ukionekana kando ya nyota ile kubwa ing'aayo kuliko zote, nyanya aliuelekezea kidevu. Mwezi hauonyeshwi kwa kidole, kidole kitaoza.

"Mwoneni," alituambia. "Huyo nyota ni mke wake wa jioni. Anampikia, naye ananenepa mpaka anajaa. Lakini mwanamume haridhiki. Anakwenda kwa mke wa alfajiri, na huyo ni mchoyo. Anamkondesha mpaka anakwisha, ndipo yule wa jioni anamwokota tena."

Tulicheka sana. Watoto wa Mama Bosibori wakanitazama kwa jicho la pembeni, kwa kuwa mimi ndimi niliyetoka upande wa macheo. Nilicheka pia, ila kicheko changu kilikuwa kifupi. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuangalia juu. Niliona nyota ya jioni ikishuka kidogo kidogo, kila juma ikikaribia zaidi paa la Mama Bosibori, hadi jioni moja nikaitafuta nisiione. Nilimuuliza nyanya mke wa jioni amekwenda wapi. Akaniambia amechoka kupika.

Msimu huohuo baba alianza kukonda.

Baba alikuwa mtu mkubwa wa kifua, mwenye sauti ya kuitikia nyimbo. Hakuwahi kubatizwa, maana kanisa lilimtaka achague mke mmoja naye hakuweza. Basi kila Sabato aliketi nje, chini ya dirisha, akiimba na walio ndani. Sasa shati likaanza kumpwaya. Alikunywa maji mtungi mzima na bado akawa na kiu. Alikuja kwetu, akala ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu aliyoipenda, kisha akalala kabla ya kuku.

Alfajiri moja nilitumwa kuteka maji. Nilimkuta nyanya amesimama uani, amejifunika blanketi, akitazama paa letu. Nyota kubwa ilikuwa imechomoza juu yake, na pembeni mwezi mwembamba kama ukucha. Hakunisalimu.

"Amekwenda kwa mchoyo," alisema.

Sikuwahi kumwogopa nyanya kabla ya asubuhi ile. Nilitamani niukunje uso wa mbingu niufiche chini ya kitanda.

Kufikia mchana maneno yalikuwa yamefika kwa shangazi Nyanchama, dada yake baba, mwanamke asiyekaa na neno tumboni. Nyanya alikuwa amesimulia. Shangazi yeye alikuja kwetu kushitaki. Mwanamke akisemwa kwamba anammaliza mume wake, kwetu hayo si porojo za kisimani. Maneno ya namna hiyo yamewahi kuchoma nyumba za watu zikiwa na watu ndani. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililijua.

"Unampa nini ndugu yangu?" shangazi aliuliza mlangoni petu, majirani wakisikia.

"Ninachowapa watoto wangu," mama alijibu. "Ingia ufunue sufuria."

Hakuingia. Baba alihamishiwa kwa Mama Bosibori, na mama akakatazwa kumpikia hata chai. Usiku wa kwanza aliegemeza jembe mlangoni kwa ndani, akatulaza miguuni pake. Wengine tulilala, yeye sidhani.

Mama Bosibori alimlisha baba kwa mapenzi yote: ndizi zilizoiva, uji wenye sukari, soda alizotumwa mtoto kununua dukani. Baba akazidi kwisha. Jioni moja tulimwona Mama Bosibori akivuka uani haraka. Hakupiga hodi.

"Kerubo, vaa viatu," alisema. "Mume wetu anakufa mikononi mwangu, na mimi sijamnyima kitu."

Walimbeba wawili, mmoja mabegani na mwingine miguuni, hadi kwenye gari la majani chai lililokuwa likienda upande wa hospitali. Daktari aliwaambia ni ugonjwa wa sukari, na kwamba wamechelewa. Baba hakurudi akiwa hai.

Siku ya mazishi, mama alipoinuka kwenda kutia udongo, shangazi alimzuia kwa mkono. "Wewe kaa hapo," alisema. Wanaume wakaanza kunung'unika, na wengine walisogea mbele. Nilishika sketi ya mama kwa mikono miwili.

Mama Bosibori alitoka alipokuwa ameketi, akaja akasimama kati yao.

"Amekondea kwangu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Siku zake za mwisho zote alikula kwangu. Kama mnatafuta mchawi, anzeni na mimi."

Hakuna aliyeanza. Alimshika mama mkono, wakatia udongo pamoja. Nyanya aliketi ameinamisha kichwa, na hadi alipofariki hakutusimulia tena habari za mwezi.

Mwaka jana binti yangu alirudi likizo, tukaenda kuwasalimu nyanya zake, mama yangu na Mama Bosibori. Wanakaa pamoja siku hizi katika nyumba ya upande wa machweo, wajane wawili wenye jiko moja, wakigombana kuhusu chumvi. Jioni nyota kubwa ilitoka kando ya mwezi mchanga. Binti yangu akaielekezea simu, akasoma jina: Zuhura. Akaniambia kwamba ndiyo hiyohiyo inayotokea alfajiri. Ikitoweka huku, baada ya muda huonekana kule. Nikakumbuka kuwa utotoni sikuwahi kuwaona wake wale wawili kwa wakati mmoja, na sikujiuliza kwa nini.

Niliwaambia wale wajane kwamba ni nyota moja. Mama alikuwa akichambua mboga. Mikono yake ikasimama.

Mama Bosibori aliinua macho kuitazama nyota.

"Kama ni mmoja," alisema, "basi mwezi alikuwa anakonda kwa sababu zake mwenyewe."

Mama akalia. Hakulia siku ya jembe mlangoni wala siku ya kaburi, si mbele yetu. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka mingi, na mke mwenzake akamwacha alie, akaichukua ile mboga mapajani pake akaendelea kuichambua.

Simlaumu nyanya. Mwanawe alikuwa akimponyoka mkononi, akatafuta juu mtu wa kumdai. Ila mimi sionyeshi tena chochote angani nikataja jina la mtu. Mbingu iko mbali, na chini yake kuna mwanamke ameegemeza jembe mlangoni, anasubiri kukuche.