Kidevu cha Gari la Baba

Fundi alikikata kidevu kwa msumeno wa chuma huku akipiga mluzi. Miaka imepita, na mluzi ule bado unanikera.

Kidevu ni jina tulilolipa bamba lililoning'inia chini ya bampa la mbele. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la zamani, milango miwili, injini nyuma, halina rejeta wala tone la maji. Baba alikuwa dereva, na bosi wake mzungu alimwachia gari hilo alipokuwa anarudi kwao. Kwa barabara yetu ya vumbi na matuta, bamba lile lilikwaruza kila tulipotoka Ifakara. Rafiki yake baba, fundi wa Lipangalala, akatoa hukumu: "Mzee, huu ni urembo wa wazungu. Kama hereni tu."

Baada ya hapo gari lilianza kuchemka safari zote ndefu. Tulisimama porini, mfuniko wa nyuma wazi, wenye baiskeli wakitupita na magunia ya mpunga.

"Shikamoo, mzee! Nifunge kamba nikuvute?"

"Marahaba. Pita zako."

Siku moja fundi aliimwagia injini ya moto ndoo nzima ya maji. Nililia kwa hasira, kana kwamba kapigwa mtu. Ndiyo, nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, shule iliniishia darasa la saba, na nililipenda lile gari kuliko nilivyothubutu kusema. Nilijifunza peke yangu kwa kitabu cha gari hilo, cha Kiingereza, na kamusi iliyochanika.

Ndipo nikaelewa. Injini ile inapozwa na feni, inayovuta hewa kutoka juu na kuisukuma ipite kwenye vyuma vya moto, itokee chini ya gari. Kidevu kinazuia upepo wa mbele usijazane chini. Kikiondolewa, hewa ya moto haipati njia nzuri ya kutokea. Nilimweleza baba. Akamuuliza fundi. Fundi akacheka mpaka akakohoa.

Mwishowe baba alichoka. Mjukuu wa shangazi alikuwa anapata kipaimara Kiberege. "Likichemka safari hii," alisema, "fundi anaitoa injini, anaifunga kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga. Huko angalau itazaa chakula."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilitafuta tairi kuukuu, nikalichana kwa kisu kama wanavyofanya watengeneza viatu vya katambuga, nikakata kidevu cha mpira ambacho kikigonga tuta kingejikunja, kisha kurudi. Cha kwanza nilikitupa. Cha pili pia, kwa sababu upande wa kushoto ulishuka upana wa kidole.

"Nani atalala chini kupima?" baba aliuliza.

"Mimi." Cha tatu kilikaa sawa, nikakifunga kwa boliti.

Tulikwenda Kiberege, fundi akiwa mbele na baba, mimi nyuma nimepakata jogoo wa zawadi. Kwenye kila tuta mpira ulijikunja, ukarudi. Macho yangu hayakubanduka kwenye mshale wa joto la oili. Ulikaa katikati mpaka mlangoni kwa shangazi.

"Leo limefika lenyewe?" shangazi alipiga kelele. "Halijasukumwa?"

"Fundi amelinyoosha," baba alisema.

Fundi alipokea glasi ya soda. "Magari haya yanataka mkono tu, mama."

"Baba, ni kidevu," nikasema.

"Mwanangu, watu wazima wanaongea. Kawasaidie wenzako jikoni."

Sikwenda jikoni. Nilichukua spana, nikaingia chini ya gari na gauni langu la sikukuu, nikafungua boliti zote. Kidevu nilikibwaga miguuni pa baba mbele ya wageni.

"Basi rudini kwa mkono wa fundi."

"Huyu mtoto amekula nini leo?" shangazi aliuliza. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alikiokota, akakitia garini.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilitazama mshale na kuomba upande. Niliomba gari la baba liungue, ili fundi anyamaze. Kisha nikakumbuka: likichemka, injini inakwenda kukoboa mpunga. Nikaanza kuomba usipande. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, na kwa hilo nao niliwakasirikia.

Mshale ukapita katikati. Ukazidi kupanda.

"Oili hiyo, mzee. Itatulia," fundi alisema.

Baba aliutazama kwa muda, akapunguza mwendo, akazima gari kabla halijachemka. Akavua shati lake jeupe, akalitundika mlangoni.

"Spana iko wapi?"

Nilimpa. Akajilaza vumbini, akaingia chini ya bampa. Fundi aliinama. "Mzee, unajichafua bure."

"Mashine yako kaitafutie injini nyingine," baba alimjibu akiwa huko huko chini. Kisha kwangu: "Leta hicho kitu."

Nilipiga magoti, nikashikilia mpira, yeye akafunga. Sikusikia samahani, na nilikuwa naisubiri. Hata sasa naisubiri.

"Kushoto kumeshuka kidogo," alisema.

"Hakujashuka," nikasema. "Nilipima."

Alisogeza kichwa, akafumba jicho moja, akapima kwa kidole chake.

"Kweli," alisema, akaomba boliti nyingine.